Mechi Arusha, kitanda Moshi: mwongozo kamili wa kunufaika na AFCON 2027 ukiwa mkoa usio na mechi

Swali linanifikia karibu kila wiki na linakuja kwa sura ileile: "Nina gesti ya vyumba vinane Moshi, AFCON inakuja, nifanyeje?" Nikiuliza umeshafanya nini mpaka sasa, jibu huwa moja kati ya mawili. Ama ameshapandisha bei, ama anasubiri wageni waje wenyewe. Wa kwanza anafukuza wateja aliokuwa nao. Wa pili atakaa kibarazani akihesabu Noah zinazompita kuelekea Arusha.

Mwongozo huu ni wa mwenye gesti au hosteli ndogo mkoani Kilimanjaro. Mama lishe, dereva na mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea mpira watajikuta humu pia, maana bila wao mpango hautembei. Aliye Tanga au Manyara abadilishe majina ya barabara, hesabu ni zilezile.

Kabla ya hatua ya kwanza, shika jambo moja. AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, mwaka 2027 inaandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Kwa Tanzania mechi zimepangwa Dar es Salaam, Zanzibar na Arusha, kwenye uwanja mpya wa Olmoti wa watu 30,000. Mechi ni mali ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, wewe huna cha kuuza pale. Lakini mashindano yana timu 24 katika makundi sita, na kila timu ina mechi tatu tu za makundi, takribani moja kila baada ya siku nne. Shabiki aliyetoka Dakar au Algiers hawezi kukaa siku tatu nzima akiutazama mnara wa saa wa Arusha. Siku hizo za katikati ndizo bidhaa yako.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kalenda kubwa ya ukutani yenye Juni na Julai 2027. Ya simu haitoshi, mhudumu wa zamu naye anatakiwa aione.
- Leseni ya biashara iliyo hai, TIN, mashine ya EFD inayofanya kazi, na kitabu cha wageni chenye safu za pasipoti, uraia, anakotoka na anakokwenda.
- Lipa namba yenye jina la biashara. Mgeni akiona jina la shemeji yako anadhani anaibiwa, na ana haki.
- Laini moja ya WhatsApp ya biashara, ambayo simu yake haiondoki mapokezi.
- Picha kumi na mbili zilizopigwa mchana: kitanda, choo, bafu, mlango wa nje, barabara ya kuingilia, chai ya asubuhi.
- Madereva watatu wenye vibali. Watatu, kwa sababu mmoja ataumwa na mwingine atapata safari ya kwenda Dar.
- Blanketi nzito mbili kwa kila kitanda, na hita ya maji inayofanya kazi. Nitaeleza.
- Daftari la gharama.

Hatua ya 1: Jua mgeni anaingilia mlango gani

Kilimanjaro haina uwanja wa mashindano, ila ina milango. Uwanja wa ndege wa KIA uko wilaya ya Hai, ndani ya mkoa wetu, kama kilomita 50 kutoka Arusha na arobaini na kitu kutoka Moshi. Kila anayeshuka pale kwa ajili ya mechi za Arusha ameshakanyaga Kilimanjaro kabla hajaiona Arusha. Akifika njia panda ya KIA anachagua kulia au kushoto, na kwa sasa hakuna anayempa sababu ya kuja upande wetu.

Mlango wa pili ni barabara kuu ya Dar, inayopita Same, Mwanga na Moshi. Anayeanza na mechi ya Dar kisha ya Arusha kwa basi atatupitia dirishani.

Wa tatu wengi wanausahau: Holili. Mwenzetu wa Mombasa akitaka mechi ya Arusha hana haja ya kuzungukia Nairobi. Anapita Voi, Taveta, anavuka Holili, Himo, na anaingia Moshi. Wa Nairobi anapita Namanga na kufika Arusha moja kwa moja. Huyo usihangaike naye siku ya kuwasili, utampata siku ya mapumziko.

Sababu ya hatua hii ni kwamba tangazo linalomlenga kila mtu halimpati yeyote. Wa KIA anataka kujua nani atampokea. Wa Holili anataka kujua mahali pa kula na pa kuegesha gari lenye namba ya Kenya. Chagua mlango mmoja, wa pili uwe wa akiba.

*Umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja:* "Gesti yangu iko Himo, nawapokea wanaovuka Holili jioni ili wasiendeshe usiku."

Hatua ya 2: Chora kalenda, kisha linda wateja wako wa zamani

Ratiba rasmi na makundi yakishatoka, weka nyekundu kwenye kila siku ya mechi ya Arusha. Siku inayofuata mechi weka kijani, na kijani iendelee mpaka usiku wa kuamkia mechi inayofuata ya timu hiyo hiyo. Kijani ndiyo yako. Usiku wa mechi wenyewe wengi watalala Arusha kama wana kitanda, na usiumie kwa hilo.

Kabla ratiba haijatoka, usijaze kalenda kwa maneno ya kijiweni. Kikundi cha WhatsApp kitakuambia Morocco wanakuja Arusha, kesho yake Nigeria.

Sasa onyo ambalo ningependa ulisome mara mbili. Juni na Julai ni msimu wa wapanda mlima. Mawakala wanaokuletea watu kila mwaka watataka vyumba vilevile. Ukiwafungia mlango kwa sababu ya mashabiki wa mwezi mmoja, 2028 utawapigia simu wewe. Kati ya vyumba vinane, mimi ningeacha vinne kwa wapanda mlima, vitatu kwa mashabiki, na kimoja kisiuzwe mapema kabisa. Hicho cha mwisho ni cha balaa: bomba limepasuka, mgeni amechelewa ndege, dereva hawezi kurudi usiku.

Wala usikope kujenga vyumba vipya kwa ajili ya mwezi huu. Afrika Kusini mwaka 2010, kwenye Kombe la Dunia lenyewe, walioingia nchini mahsusi kwa mashindano walikuwa takribani 309,000, pungufu ya waliotarajiwa, na vyumba vingi vilivyokuwa vimeshikwa vilirudishwa sokoni dakika za mwisho. Sisi tunaujua mwezi wetu wa kujaa, ni Desemba, Wachaga wakirudi nyumbani. Juni haitakuwa Desemba. Kopa kwa ajili ya kitu ambacho Desemba nayo itakitumia.

*Umefanikiwa* pale ambapo mhudumu wako, bila wewe kuwepo, anaweza kutazama ukutani na kumjibu mgeni kama kuna nafasi.

Hatua ya 3: Tengeneza siku ya mapumziko inayouzika

Hapa ndipo wengi wanakwama. Wanaandika "karibu Moshi, mji msafi, utaona mlima". Mji msafi hauuzi kitanda. Na mlima hauahidiwi kamwe. Juni na Julai mawingu yanaweza kuukalia kutwa nzima, Kibo ikajitokeza dakika kumi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikapotea tena. Mwambie mgeni hivyo hivyo. Kisha mwambie mlinzi: ukiuona mlima alfajiri, gonga milango. Mgeni aliyetoka nje na blanketi mabegani akapiga picha hiyo, atakutangaza bure mpaka kwao.

Uza siku moja iliyokamilika, yenye saa ya kutoka, saa ya kurudi na chakula ndani yake. Tatu ninazoziamini:

Materuni. Maporomoko, na kahawa inayokaangwa na kutwangwa mbele ya mgeni kwenye kinu, kwa nyimbo. Barabara ni ya kupanda na mvua ikinyesha inateleza, kwa hiyo gari dogo la chini liache mjini. Mwambie mgeni avae viatu vya kufunga. Nimeona mtu mzima akishuka kule kwenye maji kwa kandambili, ameshikiliwa mikono yote miwili na vijana wa kijiji kama bibi harusi.

Chemka, upande wa Boma Ng'ombe. Maji ya bluu chini ya mikuyu, kamba ya kubembea. Jina linadanganya, maji hayachemki wala si ya moto, ni ya kuogeleka tu. Sema ukweli mapema. Njia ya mwisho ni vumbi tupu kiangazi, na maji yana kina, kwa hiyo asiyejua kuogelea akodi boya. Epuka Jumapili, Arusha yote na Moshi yote ziko pale.

Marangu. Maporomoko ya Kinukamori, chakula cha mchana kwa mama wa kijijini, mbege kwa anayetaka. Mwenye miguu mizuri anaweza kuingia hifadhini kwa siku moja mpaka kituo cha Mandara, mita 2,700 na kitu, na kurudi. Hiyo lazima ipitie kwa kampuni yenye leseni na mwongozaji anayetambuliwa na hifadhi. Usijaribu kumpenyeza mgeni getini na mpwa wako.

Kilele chenyewe ni siku tano na kuendelea. Shabiki mwenye tiketi ya mechi ya Jumamosi hana siku hizo, usimuuzie.

Chakula kina hesabu yake. Wengi watakaotoka Afrika Magharibi na Kaskazini ni Waislamu. Nyama iwe imechinjwa kihalali na uweze kusema imetoka bucha gani. Moshi tunaipenda kitimoto, sitajifanya siijui, lakini sufuria lake, kisu chake na mafuta yake visikae jiko moja na chakula cha wageni hawa. Ndizi nyama, mtori wa asubuhi, wali maharage, kuku wa kienyeji: hivyo vinatosha. Mtori kwenye baridi ya Julai unajiuza wenyewe.

Bei ya siku ipange hivi. Andika mafuta (kilomita za kwenda na kurudi, gawa kwa kilomita ambazo gari linatembea kwa lita, zidisha kwa bei elekezi ya EWURA ya mwezi huo). Ongeza posho ya dereva, kiingilio, mwongozaji wa kijiji, chakula, maji ya kunywa. Gawa kwa watu wanne, hata kama gari linabeba saba. Ukigawa kwa saba wakaja wanne, umeitoa hela mfukoni mwako. Halafu ndiyo uweke faida yako.

*Umefanikiwa* ukiwa na karatasi moja, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, inayosema: tunatoka saa ngapi, tunarudi saa ngapi, bei inajumuisha nini na haijumuishi nini. Kifaransa mpe mtu anayekijua akisome kabla hujachapa. Na usiogope wageni wa Kongo, wengi wa mashariki mtaelewana kwa Kiswahili, mkichekana lafudhi.

Hatua ya 4: Usafiri wa siku ya mechi

Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80. Siku ya kawaida, na askari wa barabarani na vile vibao vya 50 kila kijiji, hesabu saa moja na nusu mpaka mbili. Siku ya mechi, Usa River na Tengeru zitakula muda wowote utakaozipa. Mimi ningetoka Moshi masaa matano kabla ya mpira kuanza. Mgeni atalalamika kuwa amefika mapema. Hilo ni lalamiko zuri.

Kwenda si tatizo, kosta zipo kutwa. Tatizo ni kurudi. Mechi ya usiku ikiisha, watu elfu kadhaa wanatoka kwa pamoja na kosta za Moshi zimeshalala. Mgeni akikwama Olmoti usiku, hatakumbuka mtori wako.

Fanya hivi na madereva wako:

1. Kagua gari na karatasi. Namba iwe nyeupe, ya biashara, na kibali cha LATRA kiwe hai. Gari la namba ya njano likibeba abiria wa kulipa ni kosa, na askari wa Usa River wanalitambua kwa mbali. Kagua bima, mikanda ya viti vyote na taa.
2. Andikianeni: tarehe, bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, na kwamba dereva halewi wala haondoki. Mpe nusu asubuhi, nusu mkirudi.
3. Dereva alale mchana. Aliyeendesha tangu alfajiri asikurudishie watu saa sita usiku.
4. Kabla ya mechi, nenda Olmoti mwenyewe utafute mahali pa kukutania panapoeleweka, mbali na geti kwa mwendo wa dakika kumi na tano. Kituo cha mafuta ni bora kuliko "pale kwenye mti". Magetini magari yatazuiwa.
5. Kila abiria awe na namba ya dereva kwenye karatasi. Simu huishiwa chaji dakika ya tisini.

Halafu kuna suala la saa, ambalo limewahi kuniaibisha. Nilimwandikia mgeni wa Kifaransa kwamba gari linatoka "saa tatu". Akatumia programu ya kutafsiri, ikampa tatu, naye akashuka na begi lake saa tisa alasiri, ametabasamu, amenyoa ndevu. Wenzake walikuwa wameshaondoka tangu asubuhi. Tangu siku hiyo naandika zote mbili kila mahali: "saa 3 asubuhi (09:00)". Dereva naye mwandikie zote mbili, usije ukaokoa mgeni ukampoteza dereva.

*Umefanikiwa* ukiwa na jina la dereva, namba ya gari na mahali pa kukutania kwa kila siku nyekundu kwenye kalenda, wiki mbili kabla.

Hatua ya 5: Weka bei, kisha iache

Mwenzangu mmoja alisikia "AFCON" akapeleka chumba cha 35,000 hadi 100,000 kwenye mtandao kwa miezi yote miwili. Wapanda mlima wakaona, wakahamia jirani. Mashabiki bado hawajanunua hata tiketi. Ana vyumba vitupu vya bei ghali.

Ongeza siku za kijani tu, na kiasi ambacho unaweza kukitetea kwa kitu kinachoonekana: chai ya asubuhi, kupokelewa KIA, maji ya moto. Theluthi moja juu ya bei yako ya kawaida haimshtui mtu.

Bei iandikwe kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza na kudai bei ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ule ubao wa dola wa mapokezi ushushe leo.

Tovuti za kuhifadhi vyumba zinakata kamisheni, mara nyingi karibu asilimia 15, iingize kwenye hesabu. Siku za kijani chukua malipo ya awali ya usiku mmoja yasiyorudishwa. Timu ikitolewa, mashabiki wake wataondoka kesho yake, na watakuomba radhi kwa huzuni ya kweli bila kukulipa.

Hatua ya 6: Chumba na baridi

Fupi hii. Anayetoka Abidjan amesikia Afrika Mashariki, ikweta, jua. Atakuja na fulana. Usiku wa Julai Moshi unauma, na Marangu ndiyo usiseme. Blanketi mbili, maji ya moto asubuhi na usiku, chupa ya chai mezani. Weka soketi ya ziada karibu na kitanda, na mkeka safi na alama ya kibla kwa anayeuliza. Lala mwenyewe usiku mmoja kwenye kila chumba. Kitakachokukera wewe kitamkera yeye maradufu.

Hatua ya 7: Onekana bila kuiba nembo

Usichapishe nembo ya mashindano, picha ya kombe wala kikatuni chake kwenye bango, fulana au ukurasa wako. Ni mali ya CAF na wadhamini wake wamelipia. Wala usijiite "hoteli rasmi" ya chochote. Huna haja navyo. "Karibuni mashabiki, kilomita 80 kutoka uwanja wa Arusha, gari la kwenda na kurudi lipo" inatosha, na ndiyo anayoitafuta.

Hakikisha alama yako kwenye ramani ya Google iko mlangoni kwako kweli. Nyingi za Majengo na Soweto hapa Moshi zinampeleka mgeni nyuma ya nyumba, kwenye ukuta.

Ukitaka kuonyesha mechi za Dar, Nairobi na Kampala kwa kiingilio, king'amuzi cha nyumbani hakikupi ruhusa hiyo. Muulize mwenye haki za matangazo kifurushi cha biashara, na ofisi ya kata kuhusu kibali cha mkusanyiko. Mwenye kibanda umiza wa mtaani ameshayapitia haya. Mpe yeye wageni, akupe wewe viti vya mbele.

Hatua ya 8: Fanya mazoezi usiku

Miezi kadhaa kabla, chagua Jumamosi moja. Chukua watu wanne wasiokuonea aibu, dereva wako namba moja na daftari. Tokeni Moshi mchana, fikeni Olmoti, shukeni, tembeeni mpaka mahali pa kukutania, kaeni mpaka saa nne usiku (22:00), kisha mrudi. Andika kila shilingi iliyotoka na kila dakika iliyopotea: mafuta, choo, maji, foleni ya Tengeru, dereva aliyesema yuko karibu akiwa bado Sakina.

Mkifika, waulize wale wanne wangelipa kiasi gani kwa safari ile. Linganisha na ulichotumia. Kama jibu lao liko chini, punguza kitu au tafuta gari jingine, mrudie Jumamosi inayofuata. Kama liko juu, hiyo ndiyo bei yako. Ibandike ukutani, chini ya kalenda.